Taa Zenye Akili Hazitujui

Mtu aliyeendesha lori nusu ya umri wake, akavuka mipaka mpaka pasi yake ya kusafiria ikaishiwa kurasa, hatarajiwi kukutwa akiongea na mlingoti. Lakini ndivyo Kilomita alivyokutwa alasiri ile, ukingoni mwa barabara kuu, kofia kaivua kabisa, akiuambia mlingoti wa taa kwa adabu zake zote, "Haya dada, nasubiri, wala hakuna haraka." Alikuwa amebonyeza kitufe cha kuvukia. Sauti laini ya kike ikamwambia karibu na sikio, "Tafadhali subiri," naye kwa malezi aliyolelewa hakuweza kuambiwa tafadhali na mwanamke akanyamaza kama gogo. Alipogeuka kumtafuta huyo dada mwenye lugha nzuri, hakumwona mtu. Aliona kijiwe kizima nyuma yake kimeinamia vikombe, mabega yanatikisika, wanacheka bila sauti, kicheko kile kinachouma kuliko kelele.

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za magurudumu ya lori, kati ya kibanda cha Fundi Saa na duka la matairi, uso wake barabarani. Hapo ndipo Mama Birika huweka jiko lake la mkaa na kahawa yake. Kilomita alirudi akakaa mwisho wa ubao, kofia kairudisha kichwani, kaishusha mpaka kwenye nyusi.

— Shemeji, — akasema Mama Birika akimimina, — huyo dada ameolewa?

— Mimina kahawa wewe.

— Nauliza tu. Jioni mwenzangu akifika, nimweleze vizuri.

Mwenzake aliyemsema ni mke wa Kilomita, ambaye Mama Birika alikuwa shoga yake hata kabla Kilomita hajajua kuendesha baiskeli, sembuse lori. Na hapo utani ulikatika wenyewe, maana wote wanne pale kijiweni waligeuza shingo wakatazama ng'ambo. Mama yule alikuwa amekwisha kutoka kazini. Walimwona pale upande wa pili, gauni la zambarau, fimbo mkono mmoja, mfuko wa vitambaa begani, amesimama chini ya mlingoti kama ule uliomwaibisha mumewe. Na yeye alikuwa anaambiwa asubiri.

Chumba chake cha kushonea sare za shule kilikuwa ng'ambo ile, nyuma ya kituo cha mafuta. Goti lake lilikuwa limepasuliwa, likashonwa, na hii ilikuwa wiki yake ya kwanza kurudi kwenye cherehani. Daktari alimpa ruhusa kwa maneno machache ambayo Kilomita aliyashika kuliko sala: atembee, asikimbie. Hata akiona mvua, asikimbie. Na barabara ile, tangu iwekewe taa zenye akili, haikuwa na nafasi ya mtu asiyekimbia.

Isidhaniwe taa zilikuwa hazifanyi kazi. Zilifanya kazi kupita kiasi. Zamani magari yalijipanga hapo toka asubuhi, pua kwa mkia, madereva wakazima injini, wakashuka, wakanunua kahawa, wakajua habari za watoto wa Mama Birika mmoja mmoja. Wavukaji walipita katikati ya magari yaliyolala kama wanapita sebuleni kwa jirani. Kulikuwa na askari mmoja wa usalama barabarani waliyemwita Filimbi, ambaye akimwona mzee au mjamzito aliyasimamisha magari yote kwa kiganja kimoja. Halafu serikali ikasema foleni imechosha taifa. Fedha za umma zikatengwa, tozo ikaongezwa kwenye mafuta, milingoti ikasimikwa, kamera zikaning'inizwa juu yake kama popo, na Filimbi akahamishiwa sijui wapi na filimbi yake. Sasa taa zilipimana zenyewe, zikaambizana zenyewe, na magari yakapita moja kwa moja, mbio, bila hata kugusa breki. Foleni iliisha. Hakuna aliyekumbuka kwamba foleni ndiyo ilikuwa daraja lao.

— Kijitu chekundu bado, — alisema Kilomita.

Alikuwa na maana ya kile kijitu kinachowaka kwenye taa ya waenda kwa miguu. Kikiwa chekundu, simama. Kikiwa cha kijani, pita. Tatizo ni kwamba kijani chenyewe kilikuja kama mgeni asiyetaka chai: kinachungulia, kinaaga.

Bajeti alikohoa. Huyu alikuwa karani mstaafu wa halmashauri, na jina alipewa kwa sababu hata bei ya nyanya aliieleza kwa mafungu na vifungu. Alianza kwa kuwaeleza taratibu, kidole kimoja juu ya goti, kwamba mambo ya fedha za umma yana mantiki yake. Fungu hufuata lilikotoka. Fedha hizi zilitoka kwenye mafuta, kwa hiyo taa zilinunuliwa na mafuta, zinatumikia mafuta.

— Sasa mkeo, — alimwuliza Kilomita, — kwa mwaka ananunua lita ngapi?

— Ananunua ya taa, umeme ukikatika.

— Hiyo haina tozo. Ndiyo maana haonekani.

Kilomita alimjibu kwamba yeye peke yake, katika maisha yake ya lori, amelinywesha gari mafuta ya kutosha kujaza ziwa, na kama ni tozo basi mkewe ana haki ya kijani mpaka wajukuu. Aliisema kwa utani, lakini macho hayakuwa na utani. Yalikuwa ng'ambo.

Kijitu kikawaka kijani. Mama yule akashuka ukingoni, fimbo kwanza, mguu mzima, halafu ule wa kushonwa. Hakuwa amefika hata katikati ya njia ya kwanza, kijitu kikaanza kupepesa. Alisimama, akaangalia alikotoka na anakokwenda, akarudi kinyumenyume mpaka ukingoni. Lori la kokoto likapita pale pale alipokuwa amesimama, likapiga honi ndefu, honi ya lawama.

Kilomita alikwisha simama bila kujua. Akatoa simu, akapiga.

— Mama watoto, tulia hapo hapo. Nakuja.

— Unakuja vipi? Kwako kuna kijani? — Sauti yake ilikuwa ndogo chini ya mngurumo. — Na usinipigie tena nikiwa nakanyaga lami. Nashika fimbo kwa mkono huu huu wa simu.

Akakata. Kilomita akakaa, simu bado sikioni.

Fundi Saa aliona ni wakati wa kumsaidia mwenzake, na kwake msaada ulikuwa maelezo. Mtu mdogo, mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni hata akiwa anakula, alikuwa amefungua saa nyingi kiasi cha kuamini kwamba muda ni kitu kinachoshikika. Aliwaambia kuwa amefuatilia taa hizi toka zilipowashwa. Dakika hazitengenezwi na mtambo wowote. Zinahamishwa tu. Kule juu, kwenye mzunguko wa kwenda maofisini, alikwenda mwenyewe akaona kijitu cha kijani kinakaa mpaka watu wanamaliza kuvuka na kusalimiana. Zile sekunde zilitoka wapi kama si hapa?

— Sekunde zetu zinakatwa, — alisema, — zinapitishwa chini kwa waya, zinapelekwa kule. Ndiyo maana waliuchimba mtaro mrefu vile. Ule mtaro si wa maji machafu.

— Kwa hiyo ni wizi? — aliuliza Mama Birika.

— Ni uhamisho wa fungu, — alisema Bajeti, aliyependezwa na hoja ile kuliko alivyotaka kuonyesha. Lakini hakukubali kupitwa. Akasogea mbele ya ubao, akapunguza sauti. Alikuwa amesikia, kwa mtu aliyesikia, kwamba ule ubongo wa taa haupo hapa. Milingoti ni masikio na macho tu. Ubongo umewekwa nchi ya mbali, kwenye jengo lenye baridi, na huko muda huu ni usiku wa manane. Sasa mtambo unafungua jicho, unajiuliza, huyu mama mwenye fimbo anavuka barabara usiku huu anakwenda wapi? Unakataa. Si kwa ubaya, unamhurumia.

Kwa kawaida hapo ndipo Kilomita angeichukua hoja akaipeleka mbali zaidi, kwa sababu ndiye aliyewahi kufika huko mbali, au angalau karibu na huko. Angewakumbusha alivyompigia mkewe simu mchana wa nchi moja akamwamsha usiku wa hapa, akatukanwa na watu wa nyumba nzima. Sasa alikuwa anayahesabu magari yanayompita mkewe.

— Au tusitafute mbali, — akasema Fundi Saa, akipangusa kioo chake na shati. — Kilomita, si wewe uliyeuambia mlingoti hakuna haraka?

Walicheka. Mama Birika alicheka nusu, akaacha.

— Ameshuka tena, — alisema.

Safari hii mama yule hakungoja kijitu kikae sawa. Kilipowaka tu, aliweka fimbo kwenye lami. Akaja. Njia ya kwanza, njia ya pili, kichwa chini, mfuko unampiga nyonga. Kijitu kikapepesa. Mkono wa Kilomita ulikuwa umeshika bega la Bajeti, na Bajeti, ambaye hakupenda kushikwa, aliuacha. Mama yule alifika kwenye kile kipande chembamba cha zege kinachogawa barabara, akakipanda, na magari yakaachiwa pande zote mbili kwa pamoja.

Sasa alikuwa katikati. Mbele magari, nyuma magari. Malori yalipopita upepo wake ulilivuta gauni la zambarau upande huu, halafu upande ule. Hapakuwa na cha kushika ila fimbo. Fimbo yenyewe ilishika zege.

Kilomita aliyajua malori yale. Alijua dereva aliye juu kule anaona nini na haoni nini. Alijua kwamba kipande cha zege, ukiwa kwenye usukani, ni mstari mweupe tu. Miaka yote aliyoendesha hakuwahi kukiona kina mtu.

Wakati huo ndipo alipofika binti mmoja mwenye kizibao kinachong'aa na mkoba wa kompyuta. Alikuwa ametoka kwenye sanduku la kijivu lililo chini ya mlingoti, la upande wao, ambalo alikuwa amelifungua akalifunga tena. Aliwaamkia wote, "Shikamooni wazee wangu," akaomba kahawa ndogo. Kabla kikombe hakijamfikia mkononi, alikwisha kuzingirwa.

Bajeti alitaka kujua kama mradi umekaguliwa. Fundi Saa alitaka kuonyeshwa waya unaopeleka sekunde. Binti aliwasikiliza kwa utulivu wa mtu aliyesikia mengi. Akasema yeye ni fundi wa mitambo ya taa, ametumwa kwa sababu kumekuwa na malalamiko ya wavukaji. Ubongo wa taa hauko nchi ya mbali. Uko kwenye chumba cha kuongozea magari, nyuma ya kikosi cha zimamoto, na kiyoyozi chake kibovu.

— Mwanangu, — Kilomita alimkatiza, naye hakuwa mtu wa kukatiza mabinti, — unamwona yule mama pale katikati?

Binti akageuka. Akaona. Akaweka kikombe chini.

— Yule ni mke wangu. Goti lake limeshonwa. Fungua sanduku lako umpe kijani.

— Sanduku halitoi kijani, baba. Linapeleka habari tu. Kijani kinatoka chumbani. — Alikuwa tayari na simu sikioni. Alisikiliza, akakunja uso. — Wananiambia nisubiri.



Akiwa bado na simu sikioni, alijaribu kuwaeleza. Taa hizi hazikuambiwa na mtu zifanye nini. Zilijifunza. Kamera ziliwashwa kiangazi kizima kabla taa hazijaanza kuongoza, zikatazama kila kinachopita, magari mangapi, watu wangapi, wa haraka na wa polepole. Zilichokiona ndicho zilichokipa nafasi. Hapa palionekana magari tu. Ndicho kilichomtatiza toka asubuhi, kwa sababu mitaa imejaa, chumba cha kushonea kile, shule ile, zahanati ile.

— Kwa hiyo nisaidieni, — aliuliza. — Kile kiangazi, nyinyi mlikuwa mnavukia wapi?

Swali lilikuwa jepesi kama kuulizwa jina. Fundi Saa alitazama saa ambayo haikuwa mkononi. Bajeti akakagua soli ya kiatu. Mama Birika alichochea mkaa uliokuwa unawaka vizuri. Kisha macho yao, moja moja, yakaanza kutambaa kwenye ubao kuelekea mwisho wake, alipokuwa Kilomita.

Maana kamera ziliponing'inizwa tu, Kilomita alikuwa amewapa kisa. Kwamba katika mji mmoja wa mbali alikowahi kushusha mzigo, kamera kama hizi hukupiga picha ukivuka vibaya, na faini inafika nyumbani kabla yako, unaikuta imekaa sebuleni inakungoja. Kilikuwa kisa cha kuchekesha, na kilichekesha sana. Lakini kufikia jioni kilikuwa kimeshafika mpaka gengeni, kimeongezewa kwamba picha inakatiwa kodi, na kesho yake mtaa mzima ulivuka kwa kupitia kalavati, lile bomba kubwa la maji chini ya barabara, wakati huo kavu. Walipita humo wameinama, wazee kwa watoto, wanabebeana mizigo, wakijisifu kwamba serikali haitawapata. Mvua ziliponyesha na kalavati kujaa, walitoka juu. Taa zilikuwa zimeshamaliza darasa.

— Kalavati, — alisema Mama Birika hatimaye, kwa sauti ya chini.

Binti alitazama barabara, akatazama kule chini kwenye maji ya rangi ya udongo, akaelewa.

— Basi haiwajui, — alisema. — Magari inayajua. Nyinyi haijawahi kuwaona.

— Na sasa?

— Bado inajifunza kila siku. Pale ukingoni penye alama ya njano ndipo inapotazama. Mtu mmoja akisimama inamhesabu kama mpita njia, inampa kijani kifupi tu. Wakisimama wengi, wakatulia, inaleta kijani, na inakirefusha.

Kilomita hakungoja sentensi iishe. Alitembea mpaka kwenye alama ya njano, akasimama juu yake, mikono pembeni kama anayepigwa picha ya pasi. Alinyanyua uso, akaitazama kamera ile aliyoitungia kisa.

Bega lake la kulia likagusana na la Bajeti. La kushoto, na la Fundi Saa, aliyeacha kibanda wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi yake. Nyuma yao alikuja binti na simu yake, na Mama Birika, birika mkononi, kwa kuwa hakukumbuka kuliweka chini. Ng'ambo ya njia zile, mama mwenye gauni la zambarau aliwaona wamejipanga, akainua kidogo fimbo, kisha akairudisha haraka pale pale.

Mlingoti ukasema, kwa sauti ile ile laini, "Tafadhali subiri."

Hakuna aliyeujibu.

Lori likapita. Lingine. Basi likapita, abiria wakiwatazama hawa watu waliojipanga kando ya barabara bila kwenda popote. Bajeti alinong'ona kwamba labda waachiane nafasi kidogo, wasionekane watu wachache wanene. Wakaachiana. Kilomita alisikia moyo wake mwenyewe ukipiga kama injini baridi isiyotaka kushika.

Magari yakapunguza. Yakasimama. Kijitu kikawaka kijani.

Mama yule akashuka kwenye zege. Fimbo, mguu, mguu. Katikati ya njia ya kwanza Kilomita alitaka kumkimbilia, binti akamshika mkono, akamwambia wakiondoka kwenye alama itapunguza. Kwa hiyo alisimama, akamtazama mkewe akija, jambo gumu kuliko mlima wowote aliowahi kuupanda na mzigo. Fimbo, mguu, mguu. Kijitu hakikupepesa. Fundi Saa alikuwa ametoa saa mfukoni na hakuitazama hata mara moja. Mama yule alikanyaga ukingo, akampa mumewe mfuko, akavuta pumzi.

— Mbona mmesimama kama mnangoja maiti? — aliuliza.

Walirudi kijiweni, na waliporudi ndimi zikarudi. Bajeti alisema jambo hili halitakwisha bila kuandika malalamiko rasmi, nakala kwa ofisi zote, na akaanza kuzitaja. Fundi Saa alisema kosa ni la waliosambaza uvumi, si la aliyeutunga. Bajeti akasema la aliyeutunga kwanza. Binti alisema simu imepokelewa hatimaye, ataeleza chumbani, lakini kubadilisha kwa mkono kuna utaratibu, kuna vikao, na wakati huo wote taa itaendelea kufuata inachokiona. Kilomita, aliyekuwa amepata tena rangi usoni, alianza kueleza jinsi nchi moja aliyowahi kupita walivyolitatua tatizo kama hili kwa mbuzi.

Mkewe hakukaa. Alikuwa ameegemea fimbo, anamtazama, na alimwacha afike mpaka kwenye mbuzi.

— Baba watoto. Kesho nikitoka kazini, pale kwenye njano atakuwa nani?

Kilomita akamtazama Bajeti. Bajeti akamtazama Fundi Saa. Fundi Saa akasema kesho ana saa ya mteja, ya ukutani, kubwa. Bajeti akasema inabidi ipangwe zamu, na zamu inahitaji kwanza kikao. Kilomita alifungua mdomo kuapa kwamba atakuwa yeye, akakumbuka maneno ya binti kuhusu mtu mmoja, akaufunga.

Mama Birika alikuwa amekwisha kumwaga majivu. Alifunika jiko, akafuta vikombe, akavipanga ndani ya ndoo kama afanyavyo kila jioni, polepole, akiwasikiliza. Kisha akainuka, birika kiunoni.

— Watakuwa wote, — akasema. — Kuanzia kesho kahawa iko pale kwenye njano. Na ubao siuhamishi, mtainywa mmesimama.